Mama, mrudishe mezani polepole

Leeds, Jumapili usiku

Mama mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa Baba. Jana ulipoigeuza simu nimwone mdogo wangu akisukuma chapati, nilikata nikalia. Saa nane mchana, jua la Januari la Nakuru ninalijua, naye amevaa sweta mbili. Zile chapati akawagawia nyote, akanawa mikono, akaenda zake. Baba akauliza, "Anayependa kupika hivi anaumwaje na chakula?"

Mama, hiyo ndiyo dalili yenyewe. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, huko Minnesota, Marekani, wanaume 36 wenye afya njema walikubali kulishwa kidogo kwa takriban miezi sita ili wataalamu waone njaa inamfanya nini binadamu. Kutwa wakawa wanawaza chakula tu. Wengine walikusanya vitabu vya mapishi, wakaketi na sahani muda mrefu wakikichezea kilichomo, wakawa na hasira na huzuni, wakajitenga na wenzao. Hao waliingia wakiwa na akili timamu. Basi ukimwona anaviringisha tonge moja la ugali mpaka linapoa, usidhani anakuringia.

Shangazi anasema amerogwa, Baba anasema ni maringo ya kidato cha tatu. Ni ugonjwa wa kujinyima chakula, huitwa anoreksia, na unaua. Hata mimi nina la kuungama: nilipokuja likizo nilimwambia amependeza kwa kupungua. Akatabasamu sana. Tabasamu lile halinitoki.

Umeniambia hedhi imekatika na kwamba alizirai kanisani. Tafadhali mpelekeni hospitali kesho, msingoje mwisho wa mwezi. Waombeni wampime moyo, na damu pia, hasa madini ya potasiamu na fosfeti. Na kabla ya hapo msimshindilie chakula kwa hofu. Mwili uliozoea njaa ukijazwa ghafla, madini kwenye damu hushuka na moyo unaweza kusimama. Daktari ndiye atakayesema aanze na kiasi gani.

Akisharuhusiwa kurudi nyumbani, kazi kubwa itakuwa yenu. London kuna hospitali iitwayo Maudsley, ambako miaka ya 1980 madaktari waliacha kuwatenga wazazi, wakawapa kazi ya kumlisha mtoto wao. Mzazi anapakua, anaketi naye, anangoja mpaka amalize. Hakuna kumtisha wala kumbembeleza kwa zawadi. Atalia, atakutukana, na itachukua miezi. Wewe ulitulea kwa kuuza mboga sokoni, Mama, nami sijui mtu mwenye subira kukuliko.

Kuna jambo jingine. Kitinda mimba alinitumia sauti kwa WhatsApp, ananong'ona. Anasema siku hizi anakula jikoni kwa sababu mezani ni kelele, na akauliza kama dada aligonjeka kwa sababu yeye humalizia nyama. Ana miaka 11! Mwambieni leo hii kwamba hana kosa. Mrudisheni mezani, na mkiwa mezani msizungumzie chakula wala kilo. Ongeeni mambo ya shule, ya mvua, ya yule mbuzi wa jirani.

Nimetuma pesa za teksi na za vipimo kwa M-Pesa ya Baba. Daktari akishawapa utaratibu, nitakuwa nikipiga kila siku saa moja jioni, huku Uingereza ikiwa saa kumi. Isimamisheni simu kando ya sahani yake. Nami nitakuwa nimepakua changu, nile naye.

Mwanao