MANCOVA: kagua kigeu dhibiti kabla ya kusoma majedwali

Msimamizi wa tasnifu amesema ufanye MANCOVA. Umefanya, programu imemwaga majedwali, na sasa hujui uandike nini. Kazi za namna hii tunazipokea mara kwa mara, na kwa kawaida kasoro haiko kwenye majedwali hata kidogo. Iko kwenye kigeu dhibiti, yaani kipimo cha namba ambacho athari yake inaondolewa kabla ya kulinganisha makundi, kilichoingizwa bila kukaguliwa.

Majina kwanza. ANOVA hulinganisha wastani wa makundi kwa tokeo moja. Ukidhibiti pamoja nalo kigeu cha namba, mfano umri, inakuwa ANCOVA. Matokeo yakiwa mawili au zaidi ni MANOVA, na ukiidhibiti hiyo nayo unapata MANCOVA. Chukua mbinu 3 za kufundishia, zikipimwa kwa alama za kusoma, kuandika na hesabu, huku alama za jaribio la awali zikidhibitiwa. Ukifanya ANCOVA 3 zinazojitegemea, kila moja kwa kiwango cha 0.05 (hatari ya 5% ya kuona tofauti isiyokuwepo), uwezekano wa kuangukia angalau tofauti moja ya uongo unaweza kufika takriban 14%. MANCOVA hupima yote matatu kwa pigo moja. Ila matokeo yakihusiana kupita 0.9, unapima kitu kilekile mara mbili, ondoa kimojawapo.

Turudi kwenye kigeu dhibiti. Kipimwe kabla afua, hapa mbinu ya kufundishia, haijaanza. Ukidhibiti hamasa ya wanafunzi iliyopimwa mwisho wa muhula, na mbinu yenyewe ndiyo iliyoipandisha, umefuta sehemu ya athari uliyokuwa unaitafuta. Wala kigeu dhibiti hakiwezi kuyasawazisha makundi yaliyoachana mbali tangu mwanzo kana kwamba yalipangwa kwa bahati nasibu. Hilo tunalisema wazi kwa kila mteja, hata kama halipendezi.

Sharti la pili ndilo linalorukwa zaidi: mteremko wa mstari kati ya kigeu dhibiti na kila tokeo uwe sawa katika makundi yote. Weka kwenye modeli mwingiliano wa kundi na kigeu dhibiti, kisha soma p yake, yaani uwezekano wa kupata matokeo kama hayo au makubwa zaidi kwa bahati tu. Ikiwa chini ya 0.05, faida ya mbinu inategemea mwanafunzi alianzia wapi, na wastani uliorekebishwa (wastani wa kila kundi baada ya kudhibiti) hauna tena maana moja. Usiufiche mwingiliano huo, uripoti. Pengine ndio ugunduzi wako mkubwa. Ukiwa si wa maana kitakwimu, utoe na uendeshe modeli upya. Wengi husahau kuutoa, wakasoma majibu ya modeli isiyo yao.

Watumiaji wa programu ya takwimu ya R wawe macho: manova() huhesabu kwa mfuatano, kwa hiyo kigeu dhibiti kitangulie kundi kwenye fomula. Ukigeuza mpangilio, jibu la kundi linakuja bila kudhibitiwa.

Kwa thamani zilizojitenga, tumia umbali wa Mahalanobis, unaopima mshiriki yuko mbali kiasi gani na wengine kwa matokeo yote pamoja. Kwa matokeo 3, kikomo ni 16.27 katika kiwango cha 0.001. Kipimo cha Box M, kinachokagua kama mtawanyiko na uhusiano wa matokeo unafanana katika makundi, hushtuka upesi data isipofuata mgawanyo wa kawaida, ndiyo maana huhukumiwa kwa 0.001 badala ya 0.05, na makundi yakilingana idadi usihangaike nacho sana.

Kisha zinakuja takwimu nne za kupima tofauti ya jumla kati ya makundi: Pillai, Wilks, Hotelling na Roy. Kwa makundi mawili zote hutoa p ileile. Yakizidi mawili na idadi hazilingani, au Box M imekataa kwamba makundi yanafanana, shika Pillai. Wilks husomwa kinyume: ikikaribia 0, tofauti ni kubwa. Roy huangalia mwelekeo mmoja tu wenye tofauti kubwa kuliko yote, hivyo p yake mara nyingi ndiyo ndogo. Kuichagua kwa sababu hiyo ni kujidanganya.

Jibu la jumla likiwa la maana, fuatilia kwa ANCOVA ya kila tokeo kwa kiwango cha 0.05 ÷ 3, yaani 0.017, na uandike wastani uliorekebishwa pamoja na vipindi vyake vya uhakika.

Unapotutumia kazi, leta data ghafi, mshiriki mmoja kwa mstari mmoja, bila kufuta nafasi tupu, na maelezo ya lini kila kigeu kilipimwa. Picha za majedwali pekee hazitoshi: miteremko haionekani humo.