Kaka, kuhusu zile dawa ulizotupa chooni

Shikamoo kaka. Simu hupokei, kwenye grupu la familia unasoma unanyamaza, basi naandika hapa labda mtu atakufikishia.

Mengine ya msibani nimeyaacha. Jeneza ulilipia wewe, Mungu akuzidishie, na mama alivyokupenda Uyole nzima wanajua. Ila lile la asubuhi baada ya matanga limenishinda. Ulichukua bahasha ya dawa za mdogo wetu, zile za ugonjwa wa akili unaomfanya asikie sauti zisizokuwepo, juu ya kabati ukaenda nayo chooni, ukarudi mikono mitupu unasema dawa ndo zinamfanya zezeta, mtoto karogwa huyu, aombewe. Na yeye kasimama pale mlangoni, kikombe cha chai kinamtetemeka mkononi, anakuangalia tu. Jioni ukapanda basi la Dar.

Kutetemeka na kukakamaa shingo kweli ni dawa, hiyo haloperidol ya kutuliza sauti ina tabia hiyo, lakini unamwambia daktari anapunguza dozi au anabadilisha, huitupi kaka! Sauti zikarudi. Akawa anafunika redio na khanga ya mama eti majirani wanamsikiliza humo ndani, halali, na mimi silali maana nikipitiwa anatoka nje, na baridi ya Juni ya huku unaijua.

Ugonjwa huu mara nyingi huanzia ujanani, kwenye miaka ya mwisho ya shule au ishirini na kitu, na mgonjwa akiwahi matibabu ana nafuu kubwa zaidi. Mama hakukosea malezi. Na nyie wengine wenye mgonjwa ndani, msibishane naye kuhusu hizo sauti, muulize zinamtisha? Kelele na masimango nyumbani vinamrudisha kitandani.

Wanaosema namdekeza waseme. Genge langu Mwanjelwa nimelifunga, nani mwingine angempeleka kliniki? Na kamba sikumfunga, aliyekwambia hivyo kakudanganya, nilitandika mkeka mlangoni nikalala mimi.

Wewe ulikuwa unambeba mgongoni kwenda mtoni, anakuulizia mpaka leo. Njoo Desemba ukae naye wiki mbili, mimi nikapumzike kwa shangazi Tukuyu, nimechoka kaka. Nauli ya kliniki tuma kila mwezi bila kusubiri nipige. Maombi sikatai, na mimi nasali, ila usije na mtu wa maombi bila kuniambia, na dawa za usiku utampa wewe mwenyewe, akishakula.