Teno hatujawakosa, tumewaficha kwenye besi

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji mwenzangu wa Lindi aliyelalamika kwamba kwaya za huku Kusini zimeishiwa sauti ya tatu, yaani teno, sauti ya juu ya wanaume, hadi ikifika Krismasi viongozi wanaazima vijana vigango vya jirani na kuwalipia bodaboda. Kuazima ni kweli, hata sisi Masasi tunaazima. Ila teno wapo. Tumewakalisha kwenye besi, sauti ya chini.

Kijana akija mazoezini, mwalimu anamtazama mabega, anasikia anavyosalimia kwa sauti nzito, basi: "Nenda kule nyuma kwa akina baba." Imetoka hiyo. Ataoa, atazaa, yuko kule kule nyuma, na hakuna aliyerudi kumpima.

Mfano ninaowapa walimu wenzangu ni Lauritz Melchior, mwimbaji wa opera, ile michezo ya jukwaani inayoimbwa. Nilimfahamu kwenye santuri za padre mmoja wa Ndanda; siku hizi namsikiliza kwenye simu. Alizaliwa Copenhagen, Denmark, tarehe 20 Machi 1890, siku ile ile aliyozaliwa Gigli, teno wa Italia. Lilikuwa pande la mtu, yaani angekuja kwetu asingeulizwa hata swali, besi moja kwa moja. Mwaka 1913 alianza jukwaani kwao kama baritono, sauti iliyo kati ya teno na besi, na kwa miaka kadhaa hakuna aliyeona tatizo.

Kilichomfichua ni dharura. Walikuwa wakizunguka na opera ya Verdi, Il trovatore, soprano, yule mama wa sauti ya kwanza, akawa hajiwezi, Melchior akamsaidia C ya juu, noti ambayo baritono hategemewi kuifika. Mwanamama wa Kimarekani aliyekuwa akiimba nao, Madame Charles Cahier (Charles ni jina la mumewe, msishangae), akasema huyu si baritono, ni teno aliyefunikiwa kifuniko. Hakuishia kusema. Aliwaandikia wakubwa wa jumba la opera la Copenhagen wampe nafasi akasome upya.

Hapo ndipo ninapotaka tusimame. Alipewa muda, akafundishwa na teno Vilhelm Herold, na Oktoba 1918 ndipo akarudi jukwaani kama teno, katika Tannhäuser, opera ya Mjerumani Wagner. Sisi tunamhamisha mtu Jumamosi, Jumapili tunamdai noti za juu za Aleluya, mishipa ya shingo imemtoka kama kamba. Jumatatu sauti imekauka, tunasema si tulijua ni besi!

Na zile noti nzito za chini hazikumpotea. Ndizo zilizomfaa kwa Wagner, ambaye teno wake lazima wawe na kifua. Aliimba Metropolitan Opera ya New York kuanzia 1926 hadi 1950, na Tristan, mhusika mkuu wa opera nyingine ya Wagner, peke yake aliigiza zaidi ya mara 200. Miaka ya 1940 akaingia hata kwenye filamu za Hollywood. Kwa hiyo mwalimu asiniambie "huyu anashuka sana" kana kwamba ni ushahidi. Asubuhi kila mwanaume anashuka.

Mimi napima jioni, baada ya kupasha sauti. Naweka kinanda kwenye C, namwambia aimbe "mu" tukipanda nusu hatua, nasikiliza sauti inageukia wapi na namtazama kidevu. Akianza kukiinua kwenye re au mi, namwacha alipo. Akipita fa kidevu kimetulia, huyo nazungumza naye.

Tatizo letu la sasa ni la aina nyingine. Kijana wetu mmoja, mbeba magunia ghala la korosho, nimempima, anapita fa, anapita so, wala hatoki jasho. Kuhama hataki. Anasema teno wanakaa mlangoni kwenye jua la saa tano, besi wako dirishani kwenye upepo. Nimemwomba mwenyekiti wa kwaya abadilishe mabenchi kabla ya Pasaka.

Mwalimu wa kwaya,
Masasi, Mtwara