Kwa mdogo wangu anayetaka kuihamishia Waterloo Kondoa

Mdogo wangu, salaam.

Kanuni zako za mchezo wa vita wa mezani nimezisoma hadi mwisho. Umechukua zile za vita vya Napoleon, za mapigano ya Waterloo, ukafuta Wafaransa ukaandika askari wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani Afrika Mashariki, ukafuta Waingereza ukaandika Makaburu wa van Deventer, jenerali wa Afrika Kusini aliyepigana upande wa Waingereza, ukatangaza kwamba Kondoa ya 1916 iko tayari. Vijisanamu umevipaka rangi vizuri, hilo sikunyimi. Lakini vita yenyewe bado ni ya Juni 1815, umeivalisha kofia nyingine tu.

Tazama wapanda farasi. Unawapa pointi za kuvamia kwa panga, na askari wa miguu wajipange mraba kujikinga. Waterloo ilikuwa hivyo, maana gobori la siku zile halikuaminika kupita mita 100 na kulishindilia kulichukua muda. Makaburu walipanda farasi ili wafike. Wakishafika wanashuka na kupigana kwa bunduki. Futa mraba wote. Farasi mpe mwendo mrefu, kisha kila zamu mrushie dadu ya maradhi. Van Deventer aliishika Kondoa Irangi Aprili 19 huku farasi wake wamekufa kwa mamia, na masika yakamfungia njia ya Arusha nyuma yake. Mchezaji wake aanze kuhesabu hasara kabla hajamwona adui.

Umbali wa risasi umeuongeza mara kumi kwa kuwa bunduki za 1916 zinafika mbali. Zinafika, sawa, ila nani anaona? Pori la huku unalijua, na Lettow alishambulia usiku wa Mei 9. Vikosi vyake viandikwe kwenye karatasi, visitokee mezani mpaka vikaribie kabisa.

Kinachoniudhi zaidi ni wapagazi. Hujaweka hata mmoja! Kampuni ya Mjerumani ilijitegemea kwa sababu ilitembea na wapagazi wake: risasi, bombomu (bunduki za rashasha), chakula, vyote begani na kichwani. Kila kampuni ipewe idadi ya wapagazi, wakipungua ipunguziwe mwendo na risasi. Akiishiwa chakula, mchezaji aruhusiwe kuchukua nafaka na ng'ombe vijijini, lakini pointi za ushindi zimtoke kwa wingi. Wazee wa Ugogo waliita njaa ya 1917 hadi 1920 Mtunya, na majeshi yaliyokomba vyakula, mifugo na vijana yalichangia pakubwa, ukame ukamalizia. Mchezo wa vita ya huku usiokuwa na hesabu hiyo mimi siuchezi.

Mambo ya ari na kukimbia yaache yalivyo, yanafaa vita yoyote.

Mzinga ulioopolewa kwenye Königsberg, meli ya kivita ya Wajerumani, aliokuja nao Lettow Kondoa, uweke, ila usiwe na nguvu kupita kiasi, najua unavyoupenda. Jumamosi njoo na karatasi za vikosi. Vilima nitakata kwenye maboksi. Mimi nacheza Lettow, wewe utalisha farasi.

Kaka yako, Dodoma