Rasimu za sera: tuzirekebishe kabla ya Jumamosi

Hamjambo wenzangu,

Nimesoma rasimu zote kuhusu janga la korona na nimefurahi, mmejituma kweli. Ila kundi la uchumi, naomba mrudi kwa mama mboga, yule muuza mboga wa mtaani. Mwaka 2020, korona ilipoingia, serikali ya Kenya ilishusha kodi ya ongezeko la thamani (VAT) kutoka asilimia 16 hadi 14 na kuwaondolea kodi ya mapato wenye mshahara usiozidi shilingi 24,000 kwa mwezi. Vizuri, lakini mama mboga hana mshahara, na mboga zake hazitozwi VAT. Kilichomuumiza ni kafyu ya saa moja jioni, saa ambayo wateja wake ndio wanatoka kazini. Kilichomfaa ni kufutwa kwa ada ya kutuma kwa simu pesa zisizozidi shilingi 1,000. Pendekezo letu lianzie hapo: fedha zitamfikiaje asiye kwenye orodha ya mwajiri yeyote, na nani atalipa?

Kundi la afya, ongezeni suala la karantini. Mwanzoni watu walitakiwa kujilipia, wakaogopa kupimwa. Hilo ni la afya na la mfuko pia, kwa hiyo liandikeni pamoja na wenzenu wa uchumi.

Nitumieni kufikia Alhamisi usiku. Jumamosi tunasomeana kwa sauti, saa nne asubuhi. Asanteni sana.