Matembezi mafupi ya Kalambo yamepimwa na nani?

Mhariri,

Gazeti lako nimelisoma tangu nikiwa kijana, na sijawahi kukuandikia hata pale lilipoliweka Ziwa Rukwa mpakani. Safari hii nimeshindwa kunyamaza. Nazungumzia ile makala yenu ya maporomoko ya Kalambo, yaliyo mpakani mwa Tanzania na Zambia, iliyosema mgeni akishuka garini anatembea kidogo tu, maji haya hapa.

Kidogo! Nilimwamini mwandishi wako nikampeleka mama mkwe, aliyekuja kututembelea kutoka Mbeya na kandambili zake. Balaa lilianzia getini. Fedha taslimu hazipokelewi, tukapewa kumbukumbu namba tulipe kwa simu. Sasa simu yangu ilikuwa imeshavuka mpaka bila pasipoti: ujumbe wa kunikaribisha Zambia umeingia, salio limeliwa, menyu ya malipo imegoma. Noti za elfu kumi ninazo mkononi, hazina kazi. Kijana wa getini, muungwana kabisa, akanielekeza nipande kichuguu kilicho nyuma ya choo, niinue simu upande wa mji wa Matai. Nikapanda. Mimi mwalimu mstaafu, mwenye wajukuu, nimesimama juu ya kichuguu mkono hewani kama naapishwa, mama mkwe ananitazama, na siafu wameshafika magotini. Dakika arobaini! Choo chenyewe kilikuwa na kufuli, na mwenye ufunguo alikuwa amekwenda msibani.

Halafu ngazi. Nilizihesabu hadi mia nne, hesabu ikanipotea. Kushuka si neno. Kila uliyoishuka inakusubiri uipande. Katikati mama aliketi, akavua kandambili, akaniuliza kwa upole ulioniumiza kuliko matusi, "Mkwe, aliyeandika habari hizi naye alikuja?"

Nami nakuuliza wewe, Mhariri. Wanaofika ukingoni kwa hatua chache ni wa ng'ambo ya pili, Zambia, maana Mto Kalambo ndio mpaka wenyewe. Hata yale magogo yaliyochongwa na watu wa kale yapata miaka 476,000 iliyopita, ugunduzi uliotangazwa mwaka 2023, yalifukuliwa upande wa Zambia, lakini makala yenu imeyaandika utadhani yameegemezwa kwenye geti letu.

Maji yenyewe sina ugomvi nayo. Yanajiachia mita 235 kwa mruko mmoja, zaidi ya mara mbili ya maporomoko ya Victoria, hayagusi kitu hadi chini. Korongo wanazunguka ndani ya korongo (ndege ndani ya bonde, msomaji asichanganyikiwe), na mama aliwaona wakiwa chini yetu, migongo juu. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akauliza kama kuna njia nyingine ya kurudi.

Ombi langu ni dogo. Getini pawekwe ubao wenye idadi ya ngazi, kushuka na kupanda, kwa rangi nyekundu. Kila ngazi sitini pawe na benchi lenye mgongo. Kichuguu kile kijengewe kijukwaa na kibao cha "Malipo Hapa". Na mwandishi wako arudi Kalambo kwa nauli ya gazeti, aongozane na mama mkwe wake, kisha atuandikie upya.

Mwalimu mstaafu,
Sumbawanga