Barua kutoka León: kwa nini sikupanda treni

León, Uhispania
Septemba

Kwa Baba na Mama wapendwa,

Shikamooni. Natumai barua hii itawafikia mkiwa wazima wa afya hapo Buruburu, na kwamba goti la Mama limepata nafuu. Mimi sijambo, ingawa jua la huku limenichoma shingo na mikono.

Baba, uliponipigia simu nikiwa Burgos katika hija hii ya kwenda Santiago, uliniuliza kwa nini nisipande treni hadi León kama wafanyavyo mahujaji wengi, badala ya kujichosha kwa baiskeli katika nchi isiyo na mti wala kivuli. Simu ilikatika kabla sijakujibu. Nimeona heri nikuandikie, kwa sababu jibu lake ni refu, nami nisingependa ufikiri kwamba ni ukaidi tu.

Mnajua kwamba Njia ya Mtakatifu Yakobo, kwa mkondo wake maarufu zaidi, huanzia Saint-Jean-Pied-de-Port upande wa Ufaransa, ikavuka milima ya Pyrenees, ikakata kaskazini mwa Uhispania kwa takriban kilomita 780 hadi Santiago de Compostela, mahali ambapo Wakristo tangu karne ya 9 wameamini kwamba Mtume Yakobo amezikwa. Kati ya Burgos na León upo uwanda wa juu uitwao Meseta, mwendo wa kilomita zipatazo 180. Ni nchi ya ngano na shayiri. Mwezi huu mashamba yamekwisha kuvunwa, yamebaki mabua, na alizeti zimeinamisha vichwa vyeusi zikingoja mashine. Wasafiri wengi husema hakuna cha kuona hapo, wakapanda treni au basi. Mimi naamini kwamba atakayeiruka Meseta ataikosa sehemu inayoeleza njia hii iliwezaje kuishi muda wote huo.

Chukueni kwanza nyumba zenyewe. Mawe ni adimu katika uwanda huu, kwa hiyo nyumba, nyua na hata minara ya kufugia njiwa ilijengwa kwa matofali ya udongo uliochanganywa na mabua na kuanikwa juani. Njiwa hao walikuwa kitoweo, na mbolea yao ilirudi shambani. Kule Sahagún hata makanisa ya karne ya 12 ni ya matofali ya kuchoma, kwa ufundi uliotokana na waashi Waislamu. Katika kijiji kimoja niliegemeza baiskeli kwenye ukuta ambao lipu yake ilikuwa imebanduka, nikaona vipande vya mabua vikichomoza kwenye udongo, na nyufa nyembamba mahali ambapo mvua ilikuwa imepitia. Ulikuwa ukuta wa jiko la Nyanya hasa, tena wenye kuhitaji kukandikwa upya kabla ya msimu wa mvua.

Mama, hili linalofuata ni lako, wewe uliyetumikia katika wadi za hospitali miaka mingi. Kabla ya kufika Castrojeriz, barabara inapita chini ya tao kubwa la mawe la monasteri ya San Antón, ambayo sasa ni magofu. Gari, baiskeli na mtu wa miguu, wote hupita chini ya tao lile lile. Ilianzishwa mwaka 1146, na watawa wake walijulikana kwa kuwauguza watu wenye ugonjwa ulioitwa moto wa Mtakatifu Antoni: viungo viliwaka maumivu kama vinaungua, vidole vikawa vyeusi, hatimaye vikakatika. Leo inajulikana kwamba chanzo chake kilikuwa kuvu inayoota kwenye nafaka iitwayo rai, jamaa ya ngano, ambayo ndiyo iliyokuwa mkate wa maskini katika sehemu nyingi za Ulaya ya kaskazini. Mgonjwa aliyeondoka kwao kwenda hija aliuacha nyuma pia mkate ule wenye sumu, akafika huku, akala mkate wa ngano wa watawa, na wengine wakapata nafuu pasipo mtu yeyote kujua sababu. Niliposimama pale niliwakumbuka ndugu zetu wa Makueni na Kitui, ambao mwaka 2004 walipoteza zaidi ya watu 100 kwa mahindi yenye sumukuvu. Chini ya tao bado vipo vishubaka ukutani, ambamo watawa waliweka chakula kwa ajili ya mahujaji waliofika usiku, lango likiwa limefungwa. Ni vidogo, vya kutosha mkate na pengine kibuyu. Nilikaa hapo hadi jua lilipoanza kuwa kali, nikawaombea wote waliowahi kuunyosha mkono gizani na kukuta kitu.

Baada ya mji wa Carrión de los Condes kuna kipande cha kilomita 17 ambacho hakina kijiji hata kimoja. Njia hapo imelala juu ya barabara ya kale ya Warumi, na kwa kuwa mawe hayapatikani karibu, kokoto za msingi wake zililetwa kutoka mbali. Ni mstari ulionyooka, anga pande zote, na upepo usoni. Mtu hukanyaga pedeli akidhani hasogei. Kijiji cha Calzadilla de la Cueza kimejificha bondeni, kwa hiyo hukioni hata kidogo mpaka paa zake zitokeze ghafla mbele ya gurudumu lako. Hapo nilielewa kwa nini mahujaji wa zamani walitembea kwa makundi na wakajenga hospitali za kulaza wasafiri karibu karibu: katika nchi tupu, kitanda na maji ndivyo vinavyoamua nani atafika.

Na jibu langu jingine kwako, Baba, ni hili. Vijiji hivi vilibaki na wazee baada ya vijana kuhamia mijini. Vingine vina duka moja tu, na duka hilo hufunguliwa kwa sababu ya mahujaji. Njia yenyewe ilikuwa imekaribia kusahaulika, hadi padri mmoja wa parokia ya O Cebreiro, Elías Valiña, alipoanza mwaka 1984 kuzunguka na rangi ya njano akichora mishale maweni, kwenye kuta na kwenye miti, kutoka Ufaransa hadi Santiago. Mwaka 1986 waliopewa cheti cha hija hawakufika 3,000. Mwaka 2024 walikaribia 500,000. Lakini idadi hiyo kubwa haiwafaidi watu wa Meseta iwapo wageni watawapita wakiwa kwenye kiti cha treni. Nilipokunywa chai na kununua mkate kwa bibi mmoja ambaye alinigongea muhuri kwenye kitabu changu cha hija kwa mikono miwili, polepole, akiuangalia kama umekaa sawa, niliona kwamba kusimama kwangu kulikuwa na maana kwake.

Ni kweli pia kwamba baiskeli ni mgeni katika njia iliyotengenezwa na miguu. Waendao kwa miguu ndio wenye haki ya kwanza, na mimi hupiga kengele mapema, hupunguza mwendo, na husalimia kabla ya kupita. Nimeona waendesha baiskeli wakiwapita wazee kwa kasi kwenye changarawe, na jambo hilo liliniudhi sana. Katika nyumba nyingi za mahujaji zinazoendeshwa na manispaa, wenye baiskeli husubiri hadi jioni ndipo wapewe vitanda vilivyobaki. Naona ni haki. Mtu aliyebeba mzigo mgongoni tangu alfajiri hastahili kukuta kitanda kimechukuliwa na aliyesukumwa na magurudumu. Na mvua ikinyesha, magurudumu yenyewe hayasaidii. Asubuhi moja udongo ulijaa kati ya tairi na breki hata gurudumu likakataa kuzunguka, nikawa naukwangua kwa kijiti kila baada ya hatua chache, mpaka mzee mmoja mwenye trekta akanionyesha kwa mkono ilipo barabara ya lami. Wenyeji huambiana kwamba udongo ukilowa, baiskeli iende lamini, na tangu siku hiyo nafuata ushauri huo.

Kilichobaki mbele ni milima. Msalaba wa Chuma, ambapo mahujaji huweka jiwe walilotoka nalo nyumbani, uko kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na ni miongoni mwa mahali pa juu kabisa katika njia hii. Nairobi yetu iko juu zaidi ya hapo, kwa hiyo msihofu kuhusu pumzi yangu. Jiwe ninalo, ni lile mlilonipa kutoka Subukia mlipokwenda hija na jumuiya. Kwa wenye baiskeli, cheti hutolewa kwa aliyeendesha angalau kilomita 200 za njia akafika Santiago, na mihuri miwili kila siku. Wa miguu huhitaji kilomita 100.

Baba, mwaka 2027 sikukuu ya Mtakatifu Yakobo, tarehe 25 Julai, itaangukia Jumapili, na kwa hiyo utakuwa mwaka mtakatifu kule Santiago. Ningependa sana tuje pamoja. Wewe uliyebeba maziwa kwa baiskeli ya Black Mamba isiyo na gia kwenye vilima vya Limuru huna cha kuogopa kwenye uwanda huu, ila tusije Julai kwenye Meseta, joto ni kali mno. Tuje Mei au mwanzoni mwa Septemba, tuanzie Burgos. Anza kufanya mazoezi taratibu msituni Karura, ambako baiskeli za kukodi zipo, wala usiende barabara ya Mai Mahiu yenye malori. Viza ya Schengen tutaishughulikia mapema, nami nitakutumia orodha ya karatasi zinazotakiwa. Mwambie kitindamimba wetu anipimie urefu wako kutoka kinena hadi chini, bila viatu, ili nijue baiskeli ya saizi gani ya kukutafutia.

Nisalimieni majirani wote na wanajumuiya.

Mwanenu awapendaye